Filamu Aliyoicheka Mumewe

Treni haikuwa imeshika kasi bado pale muuguzi aliyeketi mbele yangu alipomgeukia fundi cherehani asiyemjua, akamwuliza, "Dada, filamu mbovu inaweza kugeuka nzuri baada ya miaka ishirini?"

Filamu yenyewe, alieleza, ilitokana na mchezo wa video, ambamo shujaa akifa huanza upya. Ilipotoka, mume wa muuguzi aliicheka mpaka machozi. Siku hizi inaonyeshwa tena, naye huenda kuitazama ukumbini kila Jumamosi, tena akiwa amejipulizia manukato.

"Mbona ni nzuri kweli," fundi alisema. "Kila shujaa akifufuka, mkewe hamkumbuki. Zamani tulitazama mapigano tu, hayo hatukuyaona."

"Naye anasema hivyohivyo. Maneno hayo si yake! Mtu ambaye hata kwenye harusi yetu alisifu viti tu."

"Watu hubadilika, dada."

"Wangu? Ghafla hivi?"

Nilijifanya nasoma gazeti, nikasahau kufunua ukurasa.

"Eti alilia akiitazama," muuguzi aliongeza. "Kwenye msiba wa mama yake hakulia."

Fundi akasema, "Basi Jumamosi nenda naye, ukajionee."

Treni ilisimama. Muuguzi akachukua mkoba wake.

"Hajanialika," alisema, akashuka.