Mkwaju wa Niaba Kule Dornoch

Assalamu aleikum, na jioni njema kwenu ambao salamu hiyo si ya desturi yenu.

Mheshimiwa Rais wa Jamaat, Bwana Askari. Maulana wetu, uliyekubali kuketi meza moja na watu wasiozungumza jambo jingine ila gofu tangu tuliposwali magharibi. Mheshimiwa Diwani, uliyesema utakaa dakika kumi tu na sasa naiona sahani ya pili ya biriani mbele yako. Nahodha wetu, Bi Kemunto. Ndugu zetu wa Rexdale na Etobicoke mliobadilisha basi mara mbili kufika ukumbi huu wa Bathurst. Kina mama na kina baba. Vijana wa meza ya tisa, ambao Sakeena amekubali kuwatafsiria. Na wewe, Anverali bhai, ambaye kwa itifaki ya leo ningekutaja wa kwanza, lakini nimekuweka mwisho kwa sababu nina neno nawe. Nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Naeem, yule muuza dawa wa Islington. Wengi wenu mnanijua kwa vidonge vyenu vya presha, na siri hizo nitakwenda nazo kaburini. Leo nimepewa kazi ya kumuaga Anverali bhai, ambaye baada ya miaka thelathini na mmoja anafunga ofisi yake ya safari pale Kipling, na papo hapo anang'atuka ukatibu wa chama chetu cha gofu.

Nani humu ndani hakupita katika ofisi ile? Nani hakupewa chai ya maziwa kabla hajasema anakwenda wapi? Mezani palikuwa na mafaili mawili, la kijani la ziyara za Karbala na Mashhad, na la bluu la safari za gofu, na mwenyewe alikuwa mkali hakuna mfano kwa mtu atakayeyachanganya. Ndugu yetu Rahemtulla mwaka mmoja alitumiwa kwa posta orodha ya dua badala ya orodha ya viwanja. Anasema hajapata kucheza vizuri kama mwaka ule.

Faili la bluu lilikuwa la viwanja vya linksi. Kwa ajili ya kina mama ambao waume zenu hutoweka kila Jumamosi kuanzia Mei hadi Oktoba bila maelezo, linksi ni kiwanja cha gofu kilicholala juu ya mchanga wa pwani, hakina miti ya kukukinga, na upepo ndio mwenye nyumba. Huko ndiko yanakochezwa mashindano makubwa. Na mgeni akitaka kujua aende kipi, Toronto nzima alikuwa akielekezwa kwa mtu mmoja.

Mnamkumbuka anavyoshauri? "St Andrews uende kwanza, kwa heshima, kama unavyomwamkia bibi kabla ya wajukuu. Nafasi utaomba kwa kura, na Jumapili usijisumbue, siku hiyo watu wanatembeza mbwa kiwanjani." Mwenye majivuno alimpeleka Carnoustie, kwenye kile kijito kinachojipinda mwishoni, arudi ametulia. Ballybunion, kule Ireland, alikuonya kwamba mkono wa kulia wa shimo la kwanza kuna makaburi, basi usianze safari kwa kiburi. Lahinch alikuambia uwatazame mbuzi: wakijisogeza karibu na nyumba ya chama, vaa koti la mvua. Royal County Down unapiga mpira kuvuka kilima, uende usikokuona, na jiwe jeupe ndilo linalokuonyesha njia. Na kwa ndugu ambao pasipoti zao bado zina maneno mengi, alisema, "Nenda Inverness, Nova Scotia, bahari ni hiyo hiyo na hakuna atakayekuuliza viza."

Ukimsikiliza ungeapa kwamba amelala huko miaka. Mabibi na mabwana, Anverali bhai hajakanyaga hata kimoja.

Alijifunza gofu Tanga, kwenye kiwanja ambacho mashimo yake yalizungukwa na mchanga uliomwagiwa mafuta, majani yalikuwa anasa. Upepo ulitoka baharini na kuuchukua mpira. Ndiyo maana linksi zilimkaa moyoni. Siku moja nilimkuta ofisini, nje theluji imefika magotini, anatazama picha ya kiwanja cha Scotland, akaniambia, "Naeem, hii ni Tanga iliyotiwa kwenye friji." Alicheka, kisha akaendelea kuitazama, na mimi nikajifanya nasoma bei za tiketi.

Kwa nini hakwenda? Mnajua. Jenabai, mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne nzima kila mara, kwa miaka saba. Watoto wako Calgary. Tulimwambia tutapokezana kukaa naye, wiki moja tu, bhai, nenda. Alijibu, "Yeye ananijua ninavyoshika mkono wake wenye sindano. Ninyi hamjui." Hatukuuliza tena.

Lakini mtu wa ziyara hakosi njia. Asiyeweza kusafiri si huomba mwenzake amfanyie kwa niaba? Basi akaanzisha mkwaju wa niaba. Maulana, nimeona nyusi zako, subiri. Yeye mwenyewe alisema, "Hii si ibada, ni mchezo. Ila adabu ya niaba ni moja: aliyetumwa haongezi wala hapunguzi." Kila kundi lililosafiri lilipewa mpira mmoja wenye nukta mbili za wino mwekundu, na fimbo yake ya chuma namba tano aliyotoka nayo Tanga, nzito kama mchi, mpini umezungushwa utepe wa fundi umeme. Kwenye shimo fupi mnalolipenda, mmoja wenu ataweka mpira ule badala ya wake, atapiga kwa fimbo ile, na popote utakapoangukia ndio mkwaju wa Anverali bhai, ila aliyepiga atauhesabu kwenye kadi yake ya alama. Akirudi ataueleza.

Jenabai ndiye aliyekuwa karani. Amekaa kwenye kiti cha hospitali, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine, kwa mkono wa pili anaandika daftarini. Kemunto, Carnoustie: majini. Rahemtulla, Ballybunion: makaburini, hakuufuata, aliwaombea waliomo akaondoka. Alicheka mpaka wauguzi wakaja kuangalia mashine. Mipira iliyosalimika ilitiwa kwenye chupa iliyokuwa ya achari ya embe, ofisini, dirishani.

Sasa nafika penye neno langu.

Miaka minane iliyopita tulikwenda Royal Dornoch, kaskazini kabisa mwa Scotland. Mpira wa niaba nilibeba mimi. Shimo la sita ni fupi, na kushoto kuna mteremko umejaa vichaka vya miba vyenye maua ya manjano. Kufikia hapo nilikuwa nacheza kama si mimi. Mashimo matano, sijakosea hata moja! Na nyinyi mnaonijua, mnajua hilo halijatokea kabla wala baada. Nilishika fimbo ya Tanga, nikaona kadi yangu inakwenda kuharibika, nikairudisha kwenye mfuko wa fimbo. Nikachukua fimbo yangu na mpira wangu. Ukaanguka hatua mbili kutoka shimoni.

Nikajisemea, wa Anverali nitaupiga shimo la kumi, nalo ni fupi. La kumi likapita. Nikasema la kumi na tatu. Likapita. Baada ya hapo Dornoch haina shimo fupi tena.

Tuliporudi, tulikuwa na dhifa kama hii, humu humu. Jenabai alikuwa amekaa pale ilipo meza ya kina mama, blanketi miguuni. Anverali bhai alinishika mkono hata sijavua koti, akauliza, "Wangu umeangukia wapi?" Nikasema, "Hatua mbili kutoka shimoni." Ukumbi mzima ulipiga makofi. Jenabai akauliza, "Upepo ulitoka wapi?" Nikasema kushoto, na hilo lilikuwa kweli. Nikampa Jenabai ule mpira wa nukta mbili. Aliugeuza geuza vidoleni, akautia mkobani mwake.

Mkwaju ule ulikuwa wa kweli, jamani, ila haukuwa wake. Nilimnyang'anya mtu asiyeweza kusafiri kitu pekee alichoomba tumletee. Na tangu siku hiyo, mgeni akimuuliza kiwanja bora ni kipi, Anverali bhai hujibu, "Dornoch," kisha hunitazama. Nami nilikuwa nainamisha kichwa, watu wakidhani ni unyenyekevu.

Jenabai alitutoka majira ya baridi ya mwaka juzi. Mwaka huu Februari Anverali bhai alikuja dukani kwangu. Hakutaka dawa. Alisema, na amenipa ruhusa kulisema hapa, kwamba macho yake yameota doa katikati. "Kingo za dunia naziona," alisema, "katikati hamna kitu." Daktari hajamficha, litakua. Akaniambia Mei anakwenda, safari moja, kiwanja kimoja, Dornoch. "Mpira nitaupiga, mikono bado inajua. Ila sitauona ukianguka. Twende wote, Naeem, uniambie umeangukia wapi."

Katika watu wote wa jiji hili, alikuja kwangu mimi! Nilimjibu inshallah, nikamfungia dawa ya matone ya macho ambayo hakuiomba. Mwezi mzima baada ya hapo nimekuwa nikihesabu vidonge vya watu mara mbili mbili kwa kutojiamini. Ningesimamaje nyuma yake nimwambie ulipo mpira wake, mimi niliyekwisha kumdanganya kuhusu mahali pale pale?

Niliamua kumwambia Alhamisi iliyopita, tukifunga maboksi ofisini. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na mkononi nimepewa lile daftari nilipakie. Nikalifungua. Kurasa zote ni wino wa bluu, mwandiko wa Jenabai, umeinama kidogo kwa sababu ya ule mkono mmoja. Nilipofika Dornoch, ilikuwa penseli. Jina langu halikuwepo. Hatua mbili hazikuwepo. Aliandika hivi: "Huu bado. Mwenyewe ataupiga."

Alikuwa ameujua mpira usioguswa na chuma, mama yule, kwa kuugeuza tu vidoleni. Mpaka siku anatutoka! Hakunitia aibu mbele za watu, wala siku moja hakuninunia. Alichukua uongo wangu akamwekea mumewe nafasi ndani yake.

Niligeuka. Anverali bhai alikuwa anaifunga ile chupa ya achari kwa magazeti. Akauliza bila kuinua kichwa, "Umefika ukurasa gani?" Nikasema, "Wa Dornoch." Akasema, "Basi funga boksi. Gundi iko hapo nyuma yako."

Ndugu wageni waalikwa, huyo ndiye mtu tunayemuaga. Alikuwa akijua, na akanijia mimi. Pengine aliona kwamba aliyekwisha kudanganya mara moja na kuungua na uongo huo miaka minane hatarudia. Pengine alitaka tu nipate nafasi ya kujirekebisha. Sijamuuliza, na sidhani atanijibu. Ila uongo ule niliusema humu ukumbini, mbele yenu, mkanipigia makofi. Haki yenu ni kuusikia ukifutwa humu humu. Makofi yale nayarudisha. Nisameheni. Na wewe, Anverali bhai, nisamehe, na kama kule aliko Jenabai habari zinafika, naye anisamehe.

Nasikia vijana wa meza ya tisa wanamuuliza Sakeena kwa nini watu wazima wanalia kwa sababu ya mpira. Waambie, Sakeena, kwamba si kwa sababu ya mpira. Ni kwamba kila mmoja wetu humu ana mahali pake ambapo alimtuma mwingine amwonee. Mmoja alimtuma nduguye akatazame kaburi la mama Mombasa. Mwingine aliomba picha ya nyumba ya Tanga, akaletewa picha ya ghorofa. Tumeishi kwa niaba sana sisi wa huku.

Anverali bhai, chama kilitaka kukuzawadia saa ya ukutani. Kemunto alipinga. Badala yake tumekuletea vitu vyako mwenyewe. Hii hapa fimbo ya Tanga. Utepe wa mpini ni mpya, kazi ya Rahemtulla, usimlaumu. Na huu hapa mpira, nilioutoa kwenye chupa kwa idhini yako. Nukta mbili nyekundu. Hauna mkwaruzo hata mmoja. Ushike.

Tarehe kumi na nne Mei, Mungu akipenda, nitasimama nyuma ya bega lako kwenye shimo la sita. Mpira ukiingia kwenye miba nitasema miba. Ukifa mchangani hatua kumi mbele yako nitasema hatua kumi, na tutacheka kama Jenabai alivyocheka. Ukikaribia shimo, nitakwenda kupima kwa miguu yangu kabla sijafungua mdomo. Kazi hiyo uliniomba dukani nikakujibu nusu nusu. Leo naiomba mimi, mbele ya mashahidi mia mbili.

Ameitikia kwa kichwa. Nyote mmeona.

Mheshimiwa Rais, nimezidisha dakika, na chai inapoa. Nawashukuru wote kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Daftari tutakwenda nalo, Anverali bhai. Ule mstari wa penseli hatutaufuta. Chini yake, kwa wino, tutaandika ulipoangukia.