Hodi ya Mahfoudh bin Bader (1981–2025)

Ndugu wafiwa, majirani na jamaa mliofika hapa Dunda, assalaam alaykum. Mimi ni Twalib, mtoto wa mjomba wa marehemu, na kwa hiyo mtani wake. Familia imeniomba nisome habari za maisha yake. Nikichanganya machozi na utani mnisamehe. Yeye mwenyewe asingenivumilia nikisoma kwa kununa.

Marehemu Mahfoudh bin Bader alizaliwa hapahapa Dunda, Bagamoyo, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa marehemu mzee Bader bin Alawi, mfanyabiashara wa vitambaa, na Bi Jokha. Madrasa, shule ya msingi na sekondari alisomea mjini hapa. Utundu wake ulikuwa mmoja tu, kufungua vitu. Siku moja aliifungua redio ya baba yake akashindwa kuirudisha. Mzee akamwambia, "Hata nyumba ya mtu huingii bila hodi. Redio yangu umeiingia kwa ruhusa ya nani?" Maneno yale hakuyasahau maisha yake yote.

Mwaka 2005 alihitimu stashahada ya kompyuta Dar es Salaam, na mwaka 2009 akafungua duka lake la ufundi karibu na nyumbani. Laptop ikiletwa, hakukimbilia bisibisi. Aliiwasha akaingiza kwanza programu yake ya kupima, ikapita kifaa kimoja kimoja: kumbukumbu, diski, betri, feni. Akiianzisha, alisema kwa sauti, "Hodi." Mwishowe kipimo chenyewe akakiita hodi. Mteja akiwa na haraka aliambiwa, "Subiri kidogo, hodi haijaitikiwa." Mtaa mzima ukaambukizwa. Bi Zuwena mwenye duka la madaftari alimjia juu siku moja: "Mahfoudh, tangu asubuhi naipigia hodi kompyuta yangu, haiitiki!" Marehemu akamjibu kwa adabu zake, "Shikamoo, Bi Zuwena. Umeichomeka kwenye umeme?" Bi Zuwena yumo humo ndani na wenzake, na najua ananisikia.

Nadhira binti Kitwana wa Mlingotini, mwalimu wa Kerege, alileta laptop iliyokuwa ikizima katikati ya kazi. Kwingine alikuwa ameambiwa imekufa, aitupe. Hodi ikaonyesha hitilafu kwenye kumbukumbu. Mahfoudh akakichomoa kipande cha kumbukumbu, akamwomba mwalimu raba yake ya kufutia, akayasugua taratibu meno ya kipande yaliyochafuka, akakirudisha na kupima tena. Mashine ikapona. Raba hakuirudisha. Alipoulizwa, akasema ataipeleka mwenyewe Mlingotini, na akaenda kweli, na wazee wake. Walioana tarehe 22 Novemba 2014, Mwenyezi Mungu akawajalia binti, Nouf.

Mwaka jana alianza kuchoka ovyo na kuvimba miguu. Huyu aliyepima vya watu wote, cha kwake kipimo alikuwa akikikwepa. Tulimgombeza, hakusikia. Nadhira ndiye aliyemweza. Alisimama mlangoni mwa duka akamwambia, "Baba Nouf, leo na wewe utapigiwa hodi." Oktoba 2024, Dar es Salaam, madaktari walimkuta moyo umechoka sana. Nilikuwa naye. Daktari alikuwa akitafuta maneno ya kumpoza, Mahfoudh akamuuliza, "Daktari, diski ikianza kufa, sisi humwambia mteja anakili vitu vyake mapema. Na mimi ninakili?" Daktari akamshika mkono. "Nakili, ndugu yangu."

Tulipotoka aliniambia waziwazi, "Twalib, kufa siogopi sana. Naogopa mtoto wangu asije akaisahau sauti yangu." Nouf alikuwa na miaka sita. Basi akanakili. Alirekodi hadithi, dua za kulala, na vichekesho vyake vibaya ambavyo nilimwomba avifute akakataa. Akamtengenezea Nouf laptop kuukuu, akaificha kabatini, na kutuambia mtoto apewe siku yeye atakapoondoka.

Alifariki nyumbani kwake jana Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, baada ya sala ya alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nadhira.

Ameacha mama yake, Bi Jokha, mke wake, Nadhira, binti yake, Nouf, kaka yake, Alawi, na sisi watani wake tusiojua tutamtania nani sasa.

Leo asubuhi, maiti ikioshwa, Nadhira alimpa mtoto ile laptop. Nouf akaiwasha. Sauti ya Mahfoudh ikatoka, nzima kabisa: "Hodi, Nouf!" Mtoto hakushtuka. Akaitikia kama alivyozoea baba yake akirudi kutoka dukani: "Karibu, baba."

Ewe Mola wetu, mja wako Mahfoudh hakuwahi kuingia mahali bila hodi, na sasa yuko mlangoni pako. Mwitikie karibu, umpe mapumziko ya amani. Amin.