Kijiko cha Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona majirani zangu wa Katandala mmeitika kwa tahadhari. Hamjakosea. Mnanijua. Mmeniona nikinusa maziwa mbele ya mwenye kuyauza, nikirudi mara tatu kuangalia kama mlango nimefunga. Hata leo, mwenyekiti wa jumuiya aliponiambia nije kushuhudia, kitu cha kwanza nilichojiuliza ni: kwa nini mimi? Ana nini huyu? Basi mjue Bwana bado ananishughulikia! Lakini lile kubwa aliloniondolea nitalisema lote, na aibu yake yote.

Mimi ni mzaliwa wa Namanyere. Niliolewa hapa mjini miaka ile ya ruksa, sukari iliporudi madukani na mitumba ikajaa sokoni. Mume wangu, Baba Vero, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, akichukua mahindi mashambani na kuyapeleka Tunduma. Mimi niliuza mitumba. Watu walifurahia miaka ile, mimi niliishuku. Sukari yenyewe niliishuku! Mbona nyeupe hivi? Mbona imekuja yote kwa mpigo? Wameiweka nini?

Msinicheke. Shuku ile ilikuwa na kaburi lake.

Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Kristina. Alifariki akiwa na miezi kumi. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mwazye kumwona, na asubuhi ya siku ile yeye ndiye aliyemnywesha uji wa ulezi. Jioni mtoto hatunaye. Ndugu zangu, surua ilikuwa imepita mtaa mzima! Nyumba ya jirani walizika, nyumba ya nyuma yetu walizika. Kristina wangu alikuwa na vipele na homa tangu Jumapili. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, lakini nikaushikilia ule uji tu. Kila nikifumba macho naona lile bakuli na ule mkono.

Na Mungu naye nikamshuku, sitaki kuwadanganya. Niliendelea kuja kanisani, nikaimba, nikapiga magoti, huku moyoni namwambia: Wewe ulikuwepo siku ile, ulikuwa unaangalia wapi? Nilisali kama mtu anayeongea na muuza duka mwenye mizani mibovu. Nasema, nalipa, lakini jicho halitoki kwenye mizani.

Bwana akatupa Veronika. Alipofika miaka minne, baba mkwe akafariki, na siku moja lori likasimama mlangoni, mume wangu akamshusha mama yake pamoja na magunia mawili ya ulezi. Akasema, "Mama atakaa na sisi." Hakuniuliza. Nilimwamkia yule mama shikamoo, akaitika marahaba, huku mimi naangalia mikono yake.

Sasa sikilizeni nilichokifanya. Kwetu Ufipa mnajua, mwenye kukukaribisha pombe huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa chombo. Ni heshima, na kila mmoja wetu hapa anajua heshima hiyo inamtoa mgeni wasiwasi gani. Mimi niliichukua desturi hiyo ya pombe nikaileta jikoni, kwenye uji wa mtoto! Kwa kuwa mimi nashinda sokoni na yeye ndiye anayepika, nilimwambia wazi wazi: "Mama, humu ndani kila kitu unaonja kwanza." Uji, ugali, chai, hata maji ya kunywa ya mtungini.

Alinitazama kidogo tu. Akachukua kijiko, akaonja, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema, "Tamu." Hivyo hivyo, kila siku, kila chakula, karibu mwaka mzima. Kwaresima alikuwa anafunga, lakini alionja. Hakuwahi kuuliza kwa nini, na mimi nikasema moyoni: unaona? Asiyeuliza ana lake jambo!

Na kibaya zaidi, ndugu zangu, nilimfundisha mtoto. Nilimshika Vero mashavu, nikamwambia, "Chakula ambacho bibi hajaonja usile. Kitakuua." Nilimkaririsha maneno hayo asubuhi na jioni, kama wenzangu wanavyofundisha watoto wao sala ya kulala. Baba yake alikuwa safarini mara nyingi, hakuyasikia.

Ikaja siku moja nimerudi sokoni mchana nikakuta uji umeiva, Vero amekaa na bakuli lake, na mama mkwe amejishika shavu. Hakuonja. Nikamuuliza, "Leo mbona huonji?" Akasema jino linamuuma, cha moto hakipiti, tusubiri kipoe. Jino! Mimi huyo nikawaka! Nilibeba sufuria nzima nikaimwaga uani, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikasema mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele ya msalaba huu. Nikamtaja Kristina. Nikasema, "Mmoja hakukutosha?"

Yule mama alisimama hapo uani, hakulia. Akaingia ndani, akafunga vitu vyake kwenye kanga, akaondoka kwa miguu kwenda kwa mdogo wake upande wa pili wa mji.

Kuku wakaja wakaula ule uji. Nikaweka kiti mlangoni nikawatazama mchana kutwa, nikisubiri waanguke. Wapi! Jogoo aliwika, na mtetea mmoja akaenda kutaga. Mnadhani nilijifunza? Nilisema: uchawi wa Mwazye haushiki kuku.

Jioni ile nikapika wali, chakula cha sikukuu, kumfurahisha mtoto. Vero akakataa. Kesho yake akakataa chai, akakataa ugali. Nikasema, mnaona! Amemfunga mtoto mdomo! Sikujua kwamba njaa imempeleka kwenye mpera wa jirani, anakula mapera mabichi, maana kwake chakula ni cha jikoni. Siku ya tatu akaanza kuhara na kutapika. Macho yakazama. Ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama.

Baba yake alikuwa Tunduma na lori, nikambeba mwenyewe mpaka zahanati. Muuguzi akanipa dawa ya kuchanganya na maji, akanionyesha: kijiko kimoja, subiri kidogo, kijiko kingine. Akaniambia bila kuzunguka, "Mama, huyu maji yamemwisha. Akinywa atapona. Asipokunywa utampoteza."

Nikarudi nyumbani, nikachanganya, nikamkalisha mapajani. Akafunga mdomo. Nikabembeleza, nikaimba, nikamfinya pua akatapika. Nikalia. "Vero, mwanangu, kwa nini hunywi?"

Sauti ilikuwa imekauka, lakini nilimsikia vizuri. "Bibi hajaonja."

Nikachota, nikaonja mwenyewe. "Haya, mama ameonja. Kunywa."

"Wewe siyo bibi," akasema. "Umesema kitaniua."

Ndugu zangu! Mtoto wangu hakulogwa. Mtoto wangu alikuwa anatii! Alikuwa anakufa kwa kunitii mimi mama yake, na ule mdomo alioufunga niliufunga mimi, kwa maneno yangu, asubuhi na jioni. Nilitafuta mchawi nyumba nzima na sikujitazama hata siku moja.

Nikamwachia jirani mtoto nikakimbia. Sikuvaa viatu. Nilipita sokoni watu wananiita, sikugeuka. Njiani nilijaribu kusali na sala haikuja, ilikuja hii tu: Bwana, sina cha kukushuku tena, nisaidie. Na huku nakimbia, ile shuku bado inanong'ona, haifi upesi: atakataa. Atakucheka. Atakuambia, mmoja hakukutosha? Nami nilijua nastahili.

Nilimkuta amekaa barazani kwa mdogo wake anapukuchua maharage, shavu limevimba kweli. Lilikuwa jino! Jino tu, jamani! Nikapiga magoti vumbini nikataka kuanza kuomba msamaha. Hakunipa nafasi. Aliniangalia miguu, akaniangalia uso, akauliza, "Mtoto amekunywa nini?" Nikasema hajanywa kitu. Akasimama, maharage yakamwagika, akatangulia yeye. Na umri ule wake! Ilinibidi nijikaze kumfuata.

Alifika, akanawa mikono, akamchukua Vero. Akachota kijiko, akaonja kama siku zote, lile jino likamkunja uso mzima. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Tamu," akasema.

Vero akafungua mdomo.

Kijiko kwa kijiko, mchana kutwa, kila kijiko anaonja kwanza. Nilikaa sakafuni nikahesabu mikunjo ya uso wa yule mama kila maji yalipogusa jino, na katika kila mkunjo nikaona mwaka wangu mzima wa kumtesa. Kumbe kila siku alipokuwa anaonja, hakuwa anajitetea. Alikuwa anataka tu mjukuu wake ale! Angeonja hata moto.

Jua lilipoanza kuelekea kuzama, Vero alikojoa. Ndugu zangu, hapo nilipiga vigelegele kwa mkojo! Mama mkwe akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka tangu aingie kwangu. Nikamwambia, "Mama, Kristina..." Nikashindwa kumaliza. Akaniambia polepole, "Nilimnywesha uji kwa sababu alikuwa ameanza kukataa ziwa lako. Alimeza vijiko vitatu. Nami huwa nakumbuka, mwanangu. Namwambia Mungu, afadhali hakwenda na njaa."

Mwanangu, aliniita! Nikalia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi. Na hapo ndipo nilipojibiwa lile swali langu la miaka yote. Bwana alikuwa anaangalia wapi siku ile? Alikuwa jikoni kwangu. Alikuwa anamnywesha mtoto wangu uji kwa mkono ule ule nilioushuku.

Baadaye mama mkwe akapika uji wa ulezi, akaujaza bakuli, akanigeukia. "Na wewe hujala tangu asubuhi," akasema. Akachukua kijiko, kwa mazoea tu, akakipeleka mdomoni aonje.

Nikamshika mkono. "Mama, usionje," nikasema. "Nipe tu hivyo hivyo."

Nikanywa. Lile fundo la kifuani nililokaa nalo tangu Kristina afariki lilifunguka, nasema mbele ya Mungu, lilifunguka! Asante Bwana Yesu! Asante kwa mama huyu, ambaye yuko pale mstari wa pili, na meno yake yaliyobaki!

Ndugu yangu uliyekuja leo na jicho la pembeni, nakufahamu, mimi ni ndugu yako. Unamwambia Mungu athibitishe kwanza ndipo umwamini. Unamsubiri kuku aanguke. Sikuambii uache kufikiri. Nakuambia rudi nyumbani, mtazame yule unayemshuku, uangalie mkono wake umebeba nini. Halafu upokee.

Vero ameniomba niwaambie na hili: mpaka leo uji wangu hanywi mpaka nionje. Bibi akimpa, anakunywa tu.