Risasi ya Mjomba

Basi la Kayenta lilikuwa halijaimaliza miamba mirefu, bibi aliyekaa mbele yangu, mfuko wa unga mapajani, akamgeukia mzee wa kofia nyeusi aliyekaa pembeni yake.

"Wewe si wa kwa kina Yellowhair? Mjomba wa mama yako ndiye aliyempiga risasi mjomba wa mama yangu!"

"Bibi wee, ile ilikuwa sinema ya wazungu kupigana na sisi wenyeji. Wazungu walipungukiwa askari farasi, wakamvisha mjomba gwanda la buluu, wakamwambia apige wenzake."

"Angekataa!"

"Mbona wako alikataa kufa? Kila akianguka farasini, anakaa kitako na kuvuta sigara."

"Ulitaka ajifanye maiti? Huo si mwiko kwetu?"

Hapo mzee alikubali kwa kichwa, maana mwiko ni mwiko.

"Hebu, ukoo wako upi?" bibi akamuuliza.

"Maji Machungu."

"Ala! Hata mimi." Nikadhani yameisha, maana kwetu ukoo hufuata mama, na mwanamke wa ukoo wako aliyekuzidi umri ni mama yako; mzee alikuwa amekwisha kuwa mwanawe. "Kumbe mlimpiga risasi ndugu yenu wa damu! Afadhali ungekuwa mgeni."

Basi likasimama. Bibi akamtwika unga.

"Haya mwanangu, nibebee. Lakini tangulia wewe. Watu wa kwenu siwageuzii mgongo."