Aproni ya Mama Msumari

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, baada ya chakula cha mchana, mke wangu alinituma nikaanue aproni yake ya kazini, kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kutanda nyuma ya nyumba, nami nikajikokota kama kawaida yangu, nikaileta ikiwa na matone begani, akaipokea, akaikung'uta, akasema, "Baba watoto, wewe ukitumwa maji ya kuzima moto, utatukuta tunazoa majivu," kisha akaitandaza kwenye mgongo wa kiti karibu na dirisha ili iwe tayari kwa zamu ya Jumatatu. Nimeona nianze hapo, ili ninyi mliomfahamu mjue kwamba hakubadilika hadi siku ya mwisho.

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, historia hii nimeiandika mimi mume wake, na nimemwomba shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aisome, maana leo siiamini sauti yangu, kwa hiyo mkimsikia akisema "mke wangu", msishtuke, ni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa fundi wa mabehewa na mama yake akishona sare za shule sebuleni. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaimaliza mwaka 1981, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1985, na walimu wake waliandika mwaka baada ya mwaka kwamba ni mwanafunzi mwenye bidii ila anauliza mno, sentensi ambayo baba yake alikuwa akiwasomea wageni kwa majivuno, kana kwamba ni zawadi aliyotunukiwa yeye.

Mwezi Januari 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli, chumba cha pasi, ambako mvuke hautulii na sakafu haikauki, na ambako kazi hufanywa na watu wawili wawili, mmoja akiingiza shuka kwenye mashine, mwenzake akilipokea upande wa pili, kisha wote wawili wakikutana kulikunja, kona kwa kona. Aliipenda kazi hiyo, na alikuwa akisema kwamba katika chumba kile huwezi kukosa kazini kimyakimya, kwa sababu kuna mtu atakayebaki amenyoosha mikono anakusubiri.

Humo ndimo tulimokutana, mwaka 1990, mimi nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliyekuja kubeba matenga ya nguo mbichi wakati wa likizo, nikapangwa kukunja naye asubuhi moja, nikageuza na kugeuza hadi aliponiambia, "Kaka, hilo ni shuka, si ramani, hutapotea." Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, tukajaliwa watoto watatu, binti yetu wa kwanza aliyezaliwa mwaka 1993 ambaye ni muuguzi, kijana wetu aliyezaliwa Novemba 1996 ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba wetu wa mwaka 2001 ambaye bado yuko masomoni.

Sasa nieleze jambo lililompa jina la Mama Msumari, kwa kuwa wengi mmelitumia jina hilo bila kujua lilikotoka, na wajukuu wanadhani alikuwa seremala. Katika korido ya kiwanda kile kulikuwa na misumari minene ukutani, kila mfanyakazi na msumari wake, na ilikuwa desturi kwamba anayeachishwa kazi haambiwi neno, bali anafika asubuhi na kukuta msumari wake mtupu na aproni yake imetupwa kwenye tenga langoni, naye anaokota na kurudi nyumbani. Msimamizi wa zamu, tuliyemwita Bwana Saa kwa jinsi alivyoishika saa yake kama rozari, ndiye aliyekuwa akiziondoa.

Mwezi Juni 1997, mwenzake wa mashine, mama mmoja mwenye mapacha, alikatwa sehemu ya mshahara kwa amri ya mahakama, kwa sababu alimdhamini kaka yake kwenye mkopo na kaka akatoweka. Barua ya mahakama ilipofika ofisini, Bwana Saa aliitoa aproni ya Mama Pacha msumarini, akitangaza mbele ya wote, "Hapa tunafua mashuka, hatufui madeni." Mke wangu aliifuata aproni ile kwenye tenga, akaikung'uta, akairudisha mahali pake. Siku iliyofuata Mama Pacha alitakiwa mahakamani, akamwachia mlinzi wa lango taarifa kabla ya king'ora cha kuanza kazi, lakini Bwana Saa akasema kwamba taarifa ya mlinzi si taarifa, akaitoa tena, na mke wangu akairudisha tena, ndipo msimamizi akamwambia, "Mama, ukiigusa mara nyingine, na yako inashuka."

Wakati huo mimi nilikuwa nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha, na nyumba nzima ilikuwa inategemea mshahara wake. Jioni ile tulikaa mezani na sheria ya kazi niliyoiazima maktaba, mimi nikitafuta vifungu, yeye akimnyonyesha mtoto na kunikatiza kila mstari, tukaona imeandikwa kwamba mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa sababu tu mshahara wake unakatwa kwa deni, kwamba makato yana ukomo ili mtu abaki na cha kuishi, na kwamba anayeitwa mahakamani akatoa taarifa hahesabiwi mtoro. Akaniuliza, "Na wakiishusha yangu, tutakula vifungu?" Nikamjibu kwamba uamuzi ni wake na nitasimama naye, akasema, "Basi kesho niamshe mapema, nipite kwanza ofisi ya kazi."

Alipita, akamweleza ofisa wa kazi, kisha akaenda kiwandani, akamkuta Mama Pacha amesimama kando ya tenga na mikono kifuani, aproni yake imetupwa humo tena, akaiokota kwa mara ya tatu, akaitundika. Bwana Saa alitimiza ahadi yake, akaishusha ya mke wangu papo hapo. Kilichofuata nimesimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana: mzee mmoja wa chumba cha boila, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alivua aproni yake, akaitundika kwenye msumari mtupu wa mke wangu, akafuatiwa na dada wa kutoa madoa, kisha wapiga pasi, kisha madereva waliokuwa wanasubiri mzigo, aproni juu ya aproni, mpaka msumari ukang'oka ukutani na plasta yake, rundo lote likaanguka miguuni pa Bwana Saa, naye akabaki analitazama, maana zote zilikuwa nyeupe na hakujua tena ni ya nani ya kutupwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya bosi, chagua," na korido nzima ikacheka.

Meneja alishuka, akawasikiliza, na wiki hiyohiyo ofisa wa kazi alifika na kueleza sheria mbele ya pande zote. Tangu hapo hakuna aproni iliyoshushwa kabla ya mwenyewe kusikilizwa, na taarifa iliyoachwa langoni kabla ya king'ora ikawa taarifa kamili. Mama Pacha alibaki kazini, akalimaliza deni la kaka yake, akastaafu kwa heshima, na leo amekaa pale mbele. Mke wangu alichaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi, akachaguliwa tena kila uchaguzi, na kiwanda kilipoweka kulabu mpya za chuma yeye aliomba arudishiwe msumari wake uleule.

Hakuwa mtetezi wa marafiki peke yao. Mwaka 2006 Bwana Saa aliugua mgongo, akakosa kazini kwa muda, na wapo waliotaka koti lake lishushwe ili naye aonje, lakini mke wangu alisimama mlangoni pa korido, akasema, "Ametoa taarifa, yuko hospitali, koti lisiguswe," na halikuguswa. Bwana Saa yuko nasi leo, na kama mnavyomjua, alifika kabla ya viti.

Mwaka 2022 mke wangu alianza kusumbuliwa na moyo, akawa anahudhuria kliniki, na kila siku ya kliniki alipita langoni kutoa taarifa, ingawa kiwanda kizima kilijua anakokwenda. Jioni ya Jumapili ile kifua kilimbana, tukamkimbiza hospitali, na saa moja usiku akafariki, mimi na binti yetu tukiwa tumemshika mikono.

Nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, jirani yetu aliyetoa gari lake bila kuulizwa mara mbili, na wafanyakazi wa chumba cha pasi, ambao mashuka yote ya wageni waliolala kwetu siku hizi wameyafua wao na kuyakunja wao.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka mapema, nikaichukua aproni kwenye kiti, ilikuwa imekauka, nikaikunja kona kwa kona jinsi alivyonifundisha, nikatembea hadi kiwandani, nikafika kabla ya king'ora, kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuchelewa. Nilimwambia mlinzi wa lango, "Nimekuja kutoa taarifa, mke wangu hatafika kazini." Alivua kofia, akanifungulia, nikapita koridoni, nikaitundika kwenye msumari wake, na mpaka leo hakuna aliyeishusha.

Pumzika kwa amani, mama watoto, taarifa imefika.