Aliyeandika Majina ya Waliocheka

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yao alikuwa fundi wa mabehewa na mama yao alifua nguo za watu. Alipokuwa na miaka minane, mama alimtuma kwa jirani kurudisha ndoo. Alifika, akasalimia, akasema, "Shikamoo. Mama anasema ndoo yako inavuja kama mdomo wako. Halafu akasema nisikwambie." Alichapwa kwa hilo, na siku hiyo ndipo alipopata jina la Kasuku, ambalo wengi wenu hapa ndilo mnalolijua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, na sekondari miaka minne. Ada ya chuo ilipopatikana, alisomea uhazili na kuhitimu mwaka 1987. Hati mkato, yale maandishi ya alama za haraka, aliiandika kwa kasi ya maneno mia moja na ishirini kwa dakika. Dada yake mkubwa, ambaye hakuvuka darasa la saba, alikuwa akimsomea gazeti mbio mbio ili afanye mazoezi. Marehemu alimrudishia kila neno, pamoja na kikohozi.

Tarehe 3 Agosti 1992 aliajiriwa na baraza la mji kuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Alikaa kwenye meza ndogo mbele ya kiti cha mwenyekiti, penseli tatu zimechongwa, kwa miaka ishirini na sita. Mwaka 1995 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, mtu mpole anayependa utani. Wakigombana, mume alikuwa akinyoosha mikono juu na kusema, "Basi mama, basi, usiniandike!" Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Alhamisi tarehe 14 Juni 2018, mshonaji mmoja wa kike alisimama mbele ya baraza kutoa malalamiko. Alikuwa ameomba kibanda sokoni. Diwani aliyesimamia soko alimwita ofisini, akafunga mlango, akamshika kwa nguvu, akamwambia ufunguo wa kibanda hutolewa nyumba ya wageni. Mshonaji alieleza yote hayo akiwa amebana mkoba kifuani. Diwani akainuka, akasema, "Mwenyekiti, hebu mwangalieni vizuri kwanza. Mimi nina macho." Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti naye alifuta machozi ya kicheko, kisha akasema, "Maneno hayo yafutwe."

Utaratibu ulikuwa hivi: mwenyekiti akisema yafutwe, mwandishi huyaondoa, na mahali watu walipocheka huandika neno moja tu kwenye mabano, "Kicheko." Marehemu alikuwa ameandika hivyo mamia ya mara. Safari hii aliyaondoa maneno ya diwani kama alivyoamriwa. Kisha chini yake akaandika, "Waliocheka," na majina kumi na moja, la mwenyekiti likiwa la kwanza. La kumi na mbili lilikuwa lake.

Kumbukumbu zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo siku tatu kabla ya kikao kilichofuata, kama kawaida. Mshonaji alilipa apigiwe nakala yenye mhuri. Tarehe 12 Julai zikasomwa kwa sauti.

"Hii nini?" diwani mmoja akauliza. "Orodha ya kamati ya harusi?"

Hakuna aliyecheka.

"Kasuku, nani alikwambia uandike majina?" mwenyekiti akauliza.

"Mheshimiwa, ulifuta maneno. Kicheko hukukifuta."

Tarehe 1 Agosti alihamishiwa stoo ya majalada ya zamani, chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha. Simu zikaanza kupigwa nyumbani, mtu anapumua tu halafu anakata. Dada yake alikwenda kumsihi.

"Mdogo wangu, waombe radhi yaishe. Na wewe una mabinti. Wana majina hao, wanapita njiani peke yao."

"Ndiyo hao hao ninaowawazia, dada."

"Sawa, basi angalau ungejitoa wewe kwenye orodha. Ulicheka saa ngapi wewe?"

"Nilicheka. Mama wa watu ananiangalia, na mimi nacheka. Nimezoea kucheka wakicheka."

Mwezi uleule alikwenda kwa mshonaji kumwomba msamaha. Mshonaji hakumkaribisha ndani. Marehemu alisema aliyokuja kusema akiwa mlangoni, akarudi. Alikwenda tena mara tatu, na mara ya nne akapewa kiti.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Kuanzia hapo alisafishwa damu hospitalini kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kulikuwa na mashine tano, na moja haikuwahi kufanya kazi.

Malalamiko ya mshonaji yalizunguka ofisi hadi ofisi kwa miaka mitano, ndipo baraza la maadili lilipokubali kuyasikiliza. Shahidi mkuu alikuwa marehemu, kwa sababu daftari lake la hati mkato bado lilikuwa na yale maneno yaliyofutwa, na ofisini hakuna mwingine aliyeweza kulisoma. Shauri lilipangwa Jumatano tarehe 16 Agosti 2023. Wakili wa diwani aliomba siku nyingine, wakapewa Jumanne tarehe 12 Septemba. Marehemu alikuwa kwenye mashine. Likasogezwa hadi Alhamisi tarehe 5 Oktoba. Alikuwa kwenye mashine. Likapangwa tena Alhamisi tarehe 26 Oktoba, na safari hii barua ilisema shahidi asipofika, malalamiko yatatupwa. Familia iliandika kuomba siku ya Jumatano au Ijumaa. Haikujibiwa.

Alikwenda. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, akavaa ndala za mumewe. Dada yake alimshikia mkoba. Alisoma daftari kwa saa nzima, akipumzika kila ukurasa. Wakili akamuuliza, "Shahidi, wewe mwenyewe umejiandika umecheka. Kwa hiyo nawe uliona ni utani tu?"

"Hapana. Niliona mwanamke anadhalilishwa. Nilicheka kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu nisiyecheka."

"Uliogopa nani?"

Akamnyooshea kidole diwani, akaomba maji.

Ijumaa hospitali ilisema mashine zimejaa. Jumamosi tarehe 28 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, marehemu alifariki dunia akiwa kwenye benchi ya kungojea, zamu yake ikiwa ya tatu. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Familia haisemi nani alimuua. Familia imeandika tarehe, kila mtu ana kalenda nyumbani.

Ofisi ya mheshimiwa diwani iliomba dakika tano za kutoa salamu hapa leo. Mume wa marehemu amekataa, na watoto wamekataa.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, mjukuu mmoja wa miezi saba, dada na kaka wanne, na mama mzazi ambaye hajaelezwa yote, tunaomba msimweleze. Binti yake mkubwa alikuwa amejifunza kwake hati mkato. Daftari liko kwake, na sasa ndiye pekee anayeweza kulisoma. Shangazi na mama zake wadogo wamepanga zamu za kumsindikiza kila anapotoka.

Uamuzi utasomwa Jumanne tarehe 21 Novemba, saa tatu asubuhi. Mshonaji ameomba asiachwe aende peke yake.

Apumzike sasa, ameshafanya sehemu yake. Siku hiyo tutakwenda sisi.