Tumbo ya Ile Kamio

Bandugu, bamama, munivumilie. Tangu asubuhi munanisukuma: "Simama, baba, ushuhuda yako nayo isikike." Haya, nimesimama. Sitataja jina ya muntu, sababu bengine bako hapa ndani, na mi bado ninataka kusalimiwa huko njiani.

Munajua kule kwetu Mboko baba yangu aliniachia mutumbwi, mutumbwi kubwa ya kuvulia ndagala, bale samaki badogo. Kwa ile mutumbwi nilioa, kwa ile mutumbwi batoto balikula. Muntu wa ziwa bila mutumbwi ni nini? Anakaa ku muchanga anaangalia benzake banarudi.

Basi habari ikatoka: muzungu mumoja wa kununua pamba anarudi kwao, vitu vyake vitauzwa munada kule Fizi. Na ndani ya vile vitu iko ile kamio ya kijani, lori yake ya kubebea pamba. Nani hapa hakuijua? Mi nikiwa kijana ilikuwa tayari muzee. Mvua inyeshe, matope ijae, kutoka Baraka mpaka Uvira ilifika. Honi yake, ile ya mupira ya kukamua, ililia kama ng'ombe, na bamama balisema: pamba imepita, tuweke chungu ku moto. Kamio mupya zilikufa njiani, yeye akabaki. Kwa hiyo siku ya munada kila muntu alisema neno moja: kama ni yenyewe kweli, mwenye kuipata amepata. Kama si yenyewe, ni nyumba ya kuku.

Nikaenda kuichunguza. Vipi? Kama muntu wa mutumbwi, mi nijue nini ingine? Nyuma ilikuwa na karoseri ya mbao, kule banapakia mizigo. Nikagonga zile mbao na ngumi, moja moja, nikasikiliza. Ziliitika vizuri. Nikatafuta alama ya shoka ku ubao ya kushoto, ile niliizoea tangu ujana. Iko. Nikaomba bakamue honi. Ng'ombe yenyewe! Roho yangu ikaruka.

Lakini chini sikuangalia. Nilitaka, ndugu zangu, nikaona haya. Baba yangu alitufundisha: ukienda kununua mutumbwi, usiigeuze tumbo juu mbele ya mwenyewe. Nyumbani kwetu mutumbwi inageuzwa vile siku mwenyewe amekufa. Ukiigeuza ni kama unamuambia: we tumeshakuzika. Sasa ule muzungu amesimama pale na kofia yake, iko anaondoka safari ya mbali, na mi nilale ku matope niangalie tumbo ya kamio yake? Nikasema hapana, heshima kwanza.

Mama ya batoto aliniuliza swali moja tu: "Baba, uko na hakika?"

Nikamujibu: "Si umesikia honi?"

Tajiri mumoja wa Baraka akachukua mutumbwi ya baba, yeye akanilipia kamio. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Bamama ba Mboko bakapakia ndagala yao ya kukauka, tuipeleke Uvira. Nikapata shofere, akawasha, batoto bakakimbia nyuma yetu na kelele. Ku kilima ya mbele ya Swima kamio ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Shofere akashuka, akasema anaenda kutafuta chombo ya kutengeneza. Mpaka leo anatafuta.

Nikabaki pale. Mvua ikanyesha, ndagala ikawa uji, ikanuka. Niliomba, nililia, niliipiga ile chuma mateke mpaka muguu ikavimba. Nilijaribu kuisukuma peke yangu, kama mwenda wazimu. Hakuna kitu niliweza, ninawaambia, hakuna hata kimoja. Na kutoka ile kilima ziwa yote inaonekana. Asubuhi niliona mutumbwi ya baba inarudi kuvua, bantu bengine ndani yake banaimba.

Siku moja shofere wa kamio ingine akasimama. Akalala chini bila haya, akatoka na matope ku shati.

"Baba, nani alikuuzisha hii?"

"Niliipata ku munada."

"Pole. Mi niliendesha ile kamio ya kijani. Ilivunjika ku daraja, moteri na shasi bakatupa. Hii ya chini ni ya kamio ingine, ilikufa zamani. Balivalisha maiti nguo ya muzima."

"Na honi?"

"Honi ni yake. Mbao pia ni yake."

Nikamufukuza. Nikasema ni wivu.

Kisha akafika shemeji yangu, kaka ya mama ya batoto, fundi wa mitumbwi. Munajua mashemeji. Alikuja na kicheko: "Shemeji, nasikia we unavua ku kilima! Samaki ya huku iko tamu?" Sikucheka. Akagonga mbao na ngumi, vile mi niligonga. Akagonga tena, akaacha kucheka.

"Shemeji, hii ni muvula, muti ya kutengeneza mitumbwi. Muvula ya kukauka miaka na miaka. Nipe ruhusa niifungue."

"Usiguse! Hii ni ile kamio ya kijani. Itaamka."

Mama ya batoto alikuwa amekuja naye, analeta ugali. Akachukua nyundo ya kaka yake, akaniwekea ku mukono. Akasema pole pole: "Baba, lala chini uangalie."

Bandugu, nikalala. Ndani ya matope, mbele ya mama ya batoto na shemeji. Nikaona kutu, nikaona waya imefungwa hapa na pale, nikaona rangi nyekundu kule juu karibu na moteri. Nyekundu, si kijani. Nililia pale chini kama mutoto. Kisha nikatoka, nikang'oa ubao ya kwanza mwenyewe.

Bale bamama nilioozesha ndagala yao, ndio balibeba zile mbao ku kichwa mpaka ku ziwa. Hakuna mumoja alinitukana. Shemeji akazikata, akaziunganisha. Mutumbwi ilitoka ndogo, haifiki ile ya baba, na rangi ya kijani haikutoka yote. Batoto banaiita Kamio.

Bamama, asante. Shemeji, asante, endelea kucheka, umeruhusiwa. Na we mama ya batoto, unajua. Mungu aliniona kwa macho yenu.

Neno langu ni moja. Heshima iko ya bantu, chuma haina haya. Ukienda kununua kitu, lala chini uangalie tumbo yake. Matope itafuliwa.

Mutumbwi ya baba sikuipata tena. Asubuhi tunapishana ku ziwa, bale ndani banainua mikono, banasalimia. Mi ninakamua ile honi ya kamio, niliifunga ku mutumbwi yangu, sababu nikiona ile ya baba sauti yangu mwenyewe bado haitoki.